Ubao wa Herufi Tulioukariri

Mdogo wangu aliviona vidole vyake vinne vimelala sakafuni.

Vilikuwa viwili.

Ndivyo macho yake yalivyo. Kioo cha jicho lake hakikuviringa kama mpira, kimerefuka kama yai. Kila anachokiona kina pacha wake. Wataalamu wanaita astigmatizimu. Kiwandani walimwita Mbilimbili.

Tulikuwa kiwanda cha maboksi. Yeye mashine ya kukata, mimi gundi. Waliniita Kipaza, kama kipaza sauti, kwa kelele zangu. Shule niliishia la sita, mengine nimejisomea mwenyewe, na ubaya wa mtu sisahau hata ipite miaka kumi.

Kila mwaka mwajiri alileta mpima macho na ubao wake wa herufi. Ukikwama mstari wa tano, kazi huna.

Mwaka jana mpima alifelisha watatu. Niliitisha mgomo. Siku ya nne watatu wakarudishwa, mpima akafukuzwa. Nilimsindikiza kwa miluzi hadi getini, ubao wake kwapani.

Sikuishia hapo. Herufi za ubao ule nilikuwa nimezinakili zote. Nikawakaririsha wenzangu saa ya chai. Mdogo wangu alikuwa anaziimba hata akifua.

Mwaka huu nikadai lenzi. Miwani ilikuwa inashika ukungu, watu wanakata kwa kubahatisha. Nilipiga kelele mpaka bosi akasalimu amri: wenye macho mabovu wapewe lenzi za kuvaa ndani ya jicho.

Mpima mpya akawaita wenye macho mabovu tu, mimi sikuwemo, akaja na lenzi za aina mbili. Za kawaida, na zile za watu kama mdogo wangu, nzito upande wa chini ili zisizunguke jichoni. Unajaribu za kawaida kwanza. Ukimaliza ubao, unaondoka nazo.

Asubuhi ile mdogo wangu akaninong'oneza, "Kaka, nikiona mapacha niseme?"

"Useme ufukuzwe? Imba wimbo wako."

Akaimba. Mistari yote minane, bila kumeza mate. Akapewa za kawaida.

Kwenye mashine kuna mstari mwekundu, mkono usiuvuke. Yeye aliona miwili.

Akachagua mmoja.

Wiki ya pili tu.

Nilimfuata mpima ofisini kwake nikiwa nimewaka. Nilimkunja shati. "Muuaji wewe! Mtu mwenye jicho la yai unampa lenzi za kawaida?"

Hakupigana nami. Alinyoosha kidole ukutani.

"Soma ubao wangu, Kipaza."

Nikasoma. Mstari wa kwanza tu ulitosha.

Herufi hazikuwa zile.

"Ubao wa zamani uliondoka na mwenyewe," akasema. "Mdogo wako alikaa hapo akanisomea ubao ambao haupo. Wenzako kwa lenzi zile walikuwa wanaona, wakasoma huu. Yeye peke yake ndiye aliyeimba."

"Ulijua?"

"Tangu herufi ya pili."

"Na ukanyamaza?"

"Aliyenitangulia alisema ukweli, ukampigia miluzi mpaka getini. Mimi nina watoto, bwana."

Nikamwachia shati.

Nilipotoka, msimamizi alikuwa mlangoni, meno yote nje. "Vipi Kipaza, leo betri zimekwisha?"

Nikampita, nikarudi kwenye gundi yangu.

Baadaye kiwanda kilitoa lenzi sahihi. Nilimshikia kioo mdogo wangu akazivaa kwa mkono mmoja. Akapepesa, zikatulia. Akafungua bandeji, akautazama mkono.

"Kaka, hizi ni nzuri."

"Unaona nini?"

"Vitatu," akasema. "Vitatu tu. Havina pacha hata kimoja."

Wewe mwenye jicho kama lake, ukikaa mbele ya mpima usitafute jibu sahihi. Mwambie unachokiona, hata kama ni aibu, na usikubali lenzi mpaka mstari mmoja uwe mmoja.

Na wewe mwenzangu, mtetezi wa wanyonge: ukishawatisha watu wote wanyamaze, usiulize kwa nini hakuna aliyekwambia.