Mguu Uliokunjika Chini ya Chipu

Nilikuwa fundi redio Njoro, mjini chini ya mlima, na nitasema ukweli ambao mafundi wenzangu hawapendi usemwe: nusu ya ufundi ni mdomo. Mteja akileta kitu usichokijua, unakuna kidevu, unasema "hii inajulikana," halafu unamwomba Mungu.

Ndivyo nilivyoipokea kompyuta ya kaka yangu. Alikuwa mwalimu kule Kilema, juu mlimani, na padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia: kibodi nene yenye utumbo wote ndani, unaichomeka kwenye runinga. Kaka alichezea gemu tu. Aliyeitaka kwa dhati ni mkewe, shemeji yangu. Sekondari ya jirani ilitafuta karani anayejua kompyuta, na usaili ulikuwa baada ya miezi miwili. Kila alasiri, akishakata majani ya ng'ombe, alinawa mikono akakaa kuchapa kwa vidole vyote kumi. Nikamtania, "Shemeji, unataka kutuachia ng'ombe?" Akanijibu, "Utabaki nao wewe, mnafanana."

Siku moja runinga ikajaa vijidoti vitupu. Kaka akaniletea mashine Njoro, nikaifungua. Mlikuwa na chipu nane za kumbukumbu, zimekaa kwenye soketi, kila moja na miguu kumi na sita kama tandu. Soketi zenyewe zilishalegea kwa uzee. Nikazing'oa chipu zote, nikasugua miguu kwa raba ya penseli, nikazirudisha kwa kuzikandamiza na dole gumba. Ikawaka! Nikafunga, nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu juu ya skrubu, kama tunavyofanya mafundi, ili mwingine akifungua nijue. Siku hiyo nilitembea mjini kama waziri.

Kaka akairudisha Kilema, ikadumu siku tatu. Asubuhi ya nne, na baridi ile ya Kilema, ikafa kabisa. Jumapili nikapanda, nikakuta uani watu wamejaa wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kaka ananiuliza mbele yao, "Fundi, vipi tena?" Jamani, ningesema nini? Nikaona kitambaa kibichi kando ya runinga.

"Nani anaifuta kwa hiki?"

"Mimi," akasema shemeji. "Nafuta juu tu, tena nakikamua."

"Basi umeiogesha! Maji yameingia kwenye chipu."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikanogewa, nikairudia kwa kila aliyeingia. Kaka akaifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni, akamwambia mkewe asiiguse tena. Shemeji akachukua kitambaa chake, akaingia jikoni. Siku hiyo niliondoka pale bila kukaribishwa hata ndizi moja, na kwetu hilo ni tusi zito.

Miezi ikapita ndipo kaka aliponipa ile mashine niitoe vipuri. Rangi ya kucha ilikuwa palepale juu ya skrubu, haijachubuka hata kidogo. Maana yake hakuna aliyeifungua ila mimi. Ndani kukavu, hata kutu hakuna. Nikang'oa chipu moja moja, na ya tano nikaigeuza. Mguu mmoja ulikuwa umekunjika chini ya tumbo lake. Niliukunja mimi, kwa dole gumba langu hili hili. Kwenye joto la Njoro uligusa soketi kwa bahati tu. Baridi ya mlimani ikausinyaza, ukaachia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaunyoosha taratibu, mashine ikawaka.

Mke wangu hakunihurumia. "Utapeleka sale, na utapeleka mwenyewe." Sale ni lile jani linalopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Kwetu ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nikapanda nalo, kompyuta begani, nikamkuta shemeji mlangoni pa jiko anamenya ndizi. Nikasema yote, kaka akisikia: mguu, dole gumba, na uongo wangu.

Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Sale haikataliwi, shemeji. Nimekusamehe."

Nikashusha pumzi, na mdomo wangu, kama kawaida yake, ukatangulia. "Basi anza mazoezi leo leo! Usaili huenda waliuahirisha, au siyo?"

"Ulishapita. Wamemchukua msichana mmoja wa Sanya Juu." Akachukua ndizi nyingine. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."