Imondo Ndani ya Nyama ya Ng'ombe

Nilipokuwa darasa la tatu, na hapo ndipo shule yangu iliishia, suruali yangu ilipasuka matakoni nikiruka ua pale Mukumu. Mama akaishona kwa kamba ya gunia, maana uzi wa cherehani ulikuwa kitu cha watu wa mjini. Nikawa nakaa darasani kama mtu aliyekalia siafu. Hata mwalimu alicheka, na yule hakuwanga mtu wa kucheka, alikuwa na uso wa mtu anayengojea maji yachemke. Lakini sikutaka kusema habari za mwalimu. Nilikuwa kwenye kamba. Kamba ya namna hiyo hiyo ndiyo dada yangu alikuja kuniomba mwaka jana, jiko limewaka, nyama imelala mezani kama mkeka.

"Kaka, nipe kamba nifunge nyama."

"Kwani inataka kutoroka?"

"Cheka tu. Leo utakula kitu ambacho meno yako, hayo yaliyobaki, hayajawahi kukutana nacho."

Dada yangu amefiwa na mume, anaishi hapa kwangu. Siku hiyo tulikuwa tunamngojea mzee mmoja wa Khwisero, mkulima wa miwa, naye amefiwa na mke. Alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumwoa. Dada hakuwa amekataa, hakuwa amekubali. Aliniambia waziwazi, "Nikipata mtu wa kula na mimi meza moja, nitaenda. Kama anatafuta mpishi tu, si heri nibaki nikupikie wewe?" Hapo mwisho nilisikia kama nimetukanwa, lakini mboga zake ni tamu.

Hayo mapishi aliyaona kwenye simu. Alichukua nyama ya paja, akaipasua ikafunguka, akaiponda kwa mchi mpaka ikawa nyembamba. Juu yake akatandaza vitunguu, karoti, dania, makombo ya mkate na yai. Halafu nikamwona ameshika imondo ya jogoo tuliyemchinjia mgeni, anaikatakata!

Sasa, imondo, ile firigisi ya kuku, kwetu haikatwangi. Mwanaume mwenye heshima zake hupewanga nzima, na mwanamke haigusi. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote, akazikwa bila kujua ladha yake.

"Wewe dada, unajua unachofanya?"

"Simu imesema nitie kitu cha kutafuna."

Simu inajua nini habari za imondo? Lakini ashaimwaga juu ya karoti. Akakunja nyama, akaifunga kwa kamba yangu aliyoichemsha kwanza, akaikaanga ikawa ya kahawia, akaiweka kwenye sufuria ya nyanya juu ya makaa, akafunika.

Mgeni akaja na koti na kofia. Dada akampakulia, kisha akavuta kiti akaketi karibu naye. Mzee akamtazama kidogo, akala. Vile vipande vya mviringo, na karoti yake katikati, akavimaliza akaomba vingine.

"Shemeji," akaniambia, mafuta yamefika kidevuni, "huyu mama ana mikono."

Dada akainama kuficha meno. Mimi moyoni nikaanza kujiuliza nani atanipikia.

Ndipo obusuma, ugali wetu, na kuku vikaletwa. Mzee akakoroga bakuli, akainua paja, akainua shingo, akakoroga tena, kama mtu aliyeangusha pete kisimani.

"Imondo iko wapi?" Akaniuliza mimi, si mpishi.

Dada ndiye aliyejibu. "Umeshaila, mzee. Si umesema tamu?"

"Nimeila saa ngapi?"

"Ilikuwa ndani ya nyama. Kaka amekula, wewe umekula, na mimi nimekula. Nikuongeze?"

Mzee akatazama sahani yake, kisha akatazama mdomo wa dada, ambao bado ulikuwa unatafuna. Nikajaribu kusaidia.

"Shemeji, afadhali wewe umepata vipande vingi."

Haikusaidia. Akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akachukua kofia.

"Naangalia kama mvua inakuja," akasema.

Jua lilikuwa linachoma mabati. Dada akafunika sahani ya mzee kwa nyingine, chakula kisipoe, akakaa anautazama mlango. Mimi nilimwona kupitia dirishani: hakutazama mawingu hata kidogo, akapita migomba, akashika njia ya Khwisero, na mpaka leo hajarudi.