Siku Nilipomsainisha Marehemu

Niseme tu mapema kwamba aibu hii bado ninayo, na wenzangu wakiigusia huwa nainuka kwenda kuchukua maji hata kama sina kiu.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya minofu ya sangara, ofisi zetu ziko Nyamagana. Bosi alitaka barua pepe zetu zote ziishie na sahihi ya aina moja, yaani jina, cheo, simu na picha ndogo, maana kila mtu alikuwa anajiwekea anavyotaka (mmoja mstari wa Biblia, mwingine maua). Basi nikaandika kiprogramu cha kuongeza ndani ya programu ya barua pepe: ukifungua barua mpya, chenyewe kinatafuta jina lako kwenye orodha ya wafanyakazi na kukubandikia sahihi yako chini. Nikajiona fundi kwelikweli.

Jina lisipopatikana je? Nikaamua kichukue tu la kwanza kwenye orodha, pasibaki wazi, nitarekebisha baadaye. Orodha ilipangwa kwa namba za kazi, na namba moja alikuwa mzee Abeli wa ghala, aliyeanza kazi kabla yetu wote, na ambaye tulikuwa tumemzika wiki mbili nyuma. Sikuwa nimemfuta. Kila nikijaribu mkono unakuwa mzito, kwa sababu ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini.

Jumatatu asubuhi nikakiwasha kwa watu wote, bila kujaribu hata kwa mmoja. Kumbe kwenye orodha majina ya ukoo yalitangulia, na kiprogramu changu kilitafuta jina la mtu likiwa mbele, kwa hiyo hakikumpata yeyote. Kufika saa nne ofisi nzima ilikuwa inasaini Abeli, mhasibu Abeli, bosi mwenyewe Abeli, Msimamizi wa Ghala, na hakuna aliyegundua, maana nani husoma sahihi yake mwenyewe?

Dada wa mapokezi ndiye aliyepiga ukelele. Alikuwa amepata barua isemayo "Nakuja hapo sasa hivi", na chini yake mzee Abeli anatabasamu. Watu wakacheka, na mimi (Mungu anisamehe) nikacheka nao huku nakizima haraka haraka.

Ndipo Flora wa utumishi akatoka ofisini kwake na simu mkononi.

"Neema analia," akasema. "Anauliza ni nani anamchezea."

Neema ni binti wa mzee Abeli. Asubuhi ile Flora alimwandikia kuhusu ibada ya shukrani, akamalizia kwa nia njema kabisa: "Msiwe na wasiwasi, niko pamoja nanyi." Na chini, jina la baba yake na picha yake.

Hakuna aliyecheka tena. Mchana huohuo mimi na Flora tukaenda Butimba nyumbani kwao. Mjane alikuwa amekaa sebuleni, Neema pembeni yake, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaeni."

Nikaanza kueleza habari za orodha, na majina ya ukoo, na jinsi kiprogramu kinavyotafuta, hadi nikajisikia mwenyewe ninavyoongea, nikanyamaza.

"Mama, nimekosa," nikasema. "Sikujaribu kwanza. Naomba unisamehe."

Mama akanyoosha kidole mlangoni.

"Neema alinisomea amesimama hapo mlangoni," akasema. "Alipofika kwenye jina nikamwambia arudie. Si kwamba sikusikia. Ile mara ya kwanza, mwanangu, niliamini."

Flora akaanza kulia. Mimi nikaangalia miguu yangu.

"Nimekusamehe," mama akasema. "Ila usinieleze tena mambo ya kompyuta."

Tangu siku ile siwashi kitu kwa watu kabla sijajitumia mwenyewe na kukisoma hadi mstari wa mwisho, polepole, kama vile atakayekipokea ni mtu aliyefiwa. Bosi anasema siku hizi nimekuwa mzito wa kazi. Ni kweli, na sina mpango wa kubadilika.