Kubana Harusi za Watu

Kompyuta yangu ilipoanza kunionya kwamba imejaa, niliifanya kama nimfanyavyo mgeni asiyealikwa: nilijitia sisikii. Nilifunga ule ujumbe, nikaendelea na shughuli zangu. Kesho yake ukarudi, na kesho kutwa. Wiki ile nilikuwa na harusi nyingine ya kurekodi, na ndani ya diski hapakuwa na nafasi hata ya kuweka picha za hina.

Kazi yangu ni kupiga video za kupamba, ule usiku wa harusi ambao bibi harusi huketishwa jukwaani na wanawake peke yao huja kumtazama. Simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni. Kamera huwa ni moja tu, yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na mji wote wanijua. Mabuibui huvuliwa, nywele huachiwa, watu wakacheza mpaka jasho likawatoka. Zamani nilikuwa nikiwapa wenyewe video zao kwenye flashi. Kisha flashi moja ikapotea, ikaokotwa, ikatazamwa na wasiostahili, na bibi harusi yule hakutoka nje muda mrefu. Tangu hapo watu wa Amu, kisiwa chetu cha Lamu, wakakata shauri: video ikae kwangu, nakala moja tu, isitoke. Atakaye kuitazama huja nyumbani kwangu Mkomani baada ya alasiri, na shoga zake na sinia la sambusa. Mume wangu mwenyewe hupiga hodi kabla ya kuingia chumba kile, na nyumba ni yake.

Ndiyo sababu diski ya nje sikuitaka. Ni kitu cha kuenea kiganjani. Huingia mfukoni kikatoka na mtu. Badala yake nikapata mtandaoni programu ya kubana mafaili, iliyoahidi kuifanya diski moja ibebe mzigo wa mbili. Hilo nililielewa mara moja. Mwanamke gani hajawahi kupiga goti juu ya sanduku lisilofunga? Nikaipakua, nikabonyeza palipoandikwa anza, mstari wa kijani ukaanza kutambaa, nami nikaenda jikoni kukuna nazi nikijiona mjanja.

Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi kwa waya. Na stima yetu kila mtu aijua tabia yake, hata mtoto wa chuo cha Kurani. Lakini mimi siku ile nilikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Feni iliyokuwa ikivuma chumbani nikaisikia inapunguza mwendo. Nilikimbia na kifuu mkononi huku nikijua nimechelewa. Kioo kilikuwa cheusi, na mstari wa kijani nilikuwa nimeuacha umepita nusu.

Stima iliporudi, kompyuta ikawaka, nikasema alhamdulillahi mapema mno. Pale palipokuwa na mafaili ya harusi palikuwa patupu. Katikati ya kioo pakatokea swali: diski hii haisomeki, je, ifutwe ili iweze kutumika? Chini yake vibonyezo viwili, ndiyo na hapana. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa hata kukohoa karibu nayo, nisije nikagusa kitu. Nilirudi nyuma mpaka ukutani, nikakaa chini nikiwa nimeweka mikono mapajani.

Harusi zote zile zilikuwa amana, lakini moja ilizizidi zote uzito. Bibi harusi wake alikuwa amenipigia simu siku chache kabla. Mamake alikuwa amefariki baada ya Ramadhani, na yeye alitaka kuja Ijumaa kumtazama. Yule mama hakuwa mtu wa picha. Ukitoa ile ya kitambulisho, aliyokunja uso kama anayedaiwa, hakuacha nyingine. Ila usiku ule wa kupamba alilitupa buibui lake, akashika pembe na kijiti cha kuipigia, akamuimbia mwanawe vugo, nyimbo zetu za harusi, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zikimwangukia mabegani, akicheka. Kicheko kile hakikuwako tena popote ila ndani ya diski ile.

Nikamfikiria fundi. Yuko mmoja mwenye duka barabara kuu, mji mzima humpelekea simu zake. Lakini fundi ni mwanamume, na akishatengeneza lazima afungue ajaribu. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliyemwosha yule mama alikuwa amekwisha kazi yake, akanyamaza. Aliyebaki na siri yake ni mimi, nami niitie kikapuni niipeleke dukani? Nilikaa siku mbili na hofu ile. Usingizi ukinichukua, nilishtuka nikiona kidole changu kimebonyeza ndiyo.

Ijumaa alikuja, na sahani ya halua mkononi. Sikumwacha hata aketi.

"Dadangu, diski imeharibika. Huenda zimepotea zote. Na ya kwako."

Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Aliiweka ile halua mezani.

"Fundi amesemaye?"

"Fundi sikumwita. Mamako yu kichwa wazi mle. Ungekuwa mwili wako ningekuuliza wewe. Yeye nimuulize wapi?"

Akafikiri. Kisha akasema, "Fundi na akae daka. Mato yake yatazame ndia. Sisi tutamsomea yaliyoandikwa."

Mume wangu akaenda kumwita. Fundi alikuja, akaketi kwenye daka, yale mabaraza mawili ya mawe mbele ya mlango wetu, mgongo ametugeuzia, macho yake njiani. Mlango tukauacha wazi kidogo, kompyuta tukaisogeza hadi waya ulipofika.

"Mimi sigeuki, Bi. Mato yangu yako ndiani. Mwaona nini?"

Nikamsomea lile swali.

"Bonyeza hapana."

Nilibonyeza nimefumba macho. Kila aliyepita njiani alimsalimu, naye aliitikia salamu kwa ukamilifu, habari za nyumbani, habari za watoto, huku roho zetu ziko shingoni. Kisha hurudia: "Haya, fungua ile programu. Mwaona nini?"

"Pana palipoandikwa karabati."

"Bonyeza hapo. Lakini Bi, nawe! Video hubanwa tangu kwenye kamera. Umebana lililobanwa, ungepata nafasi gani? Stima iko?"

"Iko."

"Ombeni isiondoke."

Tukaomba. Mstari mwingine ukaanza kutambaa, wa buluu huu, mwendo wa kobe. Hatukuutazama. Tulikuwa tumeinua vichwa tunaitazama feni, na mgeni wangu amenishika kifundo cha mkono, kucha zake zinaniingia. Ikipunguza kidogo kwa upepo wa dirishani, naye hukaza. Sijapata kusoma ayatul kursi mara nyingi vile kwa ajili ya feni.

Majina yakaanza kurudi, moja chini ya jingine. Nikasema yamerudi. Fundi akasema jina si kitu, tufungue tuone.

Ya kwanza ilikataa, na haijafunguka hata leo. Mwenyewe nimekwisha kumwambia, na salamu yake kwangu imekuwa fupi. Ya pili ilitoa sauti bila picha, nikaizima upesi kabla vigelegele havijafika daka. Ya tatu ilikuwa ya mgeni wangu. Mkono wangu haukutaka kwenda. Akaniondoa kwenye kiti kwa bega, akabonyeza mwenyewe, nami nikaipunguza sauti mpaka ikaisha.

Kioo kilibaki cheusi. Nikasema moyoni, maji yamemwagika. Kisha pembe ikaonekana, na kijiti, na mkono, na kamera ikapanda juu.

"Mwaona nini?" fundi akauliza.

Akapita mtu, wakasalimiana, akaenda zake.

"Bi? Mbona kimya? Mwaona nini?"

Mgeni wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo.

"Namuona mamangu," akamwambia.