Kufuli Zima, Mlango Wazi

Kufuli lilikuwa limefungwa. Mlango ndio uliokuwa wazi.

Msinicheke, wajukuu zangu. Nilishika lile kufuli kwa mkono wangu. Zima kabisa. Ila upande wa pili bawaba, zilizokaa kwa nje, zimeng'olewa, mlango umeegeshwa kama ubao wa kuanikia.

Kilikuwa chumba cha kitindamimba wangu. Anafanya zamu ya usiku kiwanda cha mikate. Karudi asubuhi, kakuta hivyo, akanipigia.

Ndani hakikuibwa kitu. Redio ipo. Jiko la gesi lipo.

Kitandani tu, juu ya mto, kikombe chake cha chai cha maua. Ndani yake skrubu za mlango, safi, zimefutwa mafuta.

Binti akakaa chini.

"Mama, ni yeye."

Nilijua. Mumewe wa zamani ni seremala. Siku aliyomuunguza mkono kwa pasi, binti alikuwa amejifungia chumbani. Mume alifungua bawaba akaingia, akacheka, akasema, "Kufuli humzuia mwizi, halimzuii fundi."

Alifungwa. Kisha wakamtoa, amalizie kifungo chake nje, chini ya uangalizi. Kila Jumatatu aripoti kwa afisa.

Ndiyo maana binti alihama kimyakimya. Tuliojua anakolala ni watatu: yeye, mimi, na yule afisa, aliyesema lazima ajue ili amlinde.

Binti akanitazama jicho lile.

"Mama, umemwambia nani?"

"Mimi?"

"Unapenda kusimulia, mama."

Iliniuma, jamani. Kwa sababu kweli napenda.

Polisi wakasema hakuna kilichoibwa, hakuna aliyemwona. Nikajifunga mtandio, nikaenda kwa afisa. Ilikuwa Jumatatu.

Afisa ni kijana mpole, rika la mjukuu wangu wa kwanza. Meza yake ina vumbi, ila kiti cha wageni kinang'aa kwa kukaliwa.

"Bibi, tulia. Yule ni mfano wa kuigwa. Hajakosa hata Jumatatu moja."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine?"

"Umewahi kwenda anakolala?"

Akajikuna shingo. "Watu wangu ni wengi, bibi. Gari lenyewe limelala gereji."

"Basi kajuaje kwa binti yangu?"

"Labda wewe, bibi... wazee mnaongea." Kisha akajivuta kitini, kifua mbele. "Mimi kazi yangu nimefanya. Nilimkanya hapo hapo ulipokaa. Nikamwambia waziwazi: ole wako uonekane nyuma ya karakana ya kuchomelea, chumba cha pili, mlango wa kijani!"



Nikamwacha ayasikie maneno yake mwenyewe.

Rangi ilimtoka usoni taratibu, kama nguo kwenye maji ya moto.

"Bibi... nilikuwa namkataza."

"Ulikuwa unamwelekeza, mwanangu."

Mara, "Hodi!"

Akaingia yule seremala. Shati limepigwa pasi, bisibisi ya mpini wa manjano mfukoni. Akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

Nikaitazama ile bisibisi.

"Nasikia mlango umewasumbua. Mkitaka fundi, msihangaike. Nipo."

Zaidi ya polisi na afisa, sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote.

Afisa akamuuliza, sauti ndogo, "Umesikia wapi?"

"Mji una maneno, mkubwa." Akatia sahihi, akatoka akipiga mluzi.

Kwenye daftari afisa akaandika: amefika.

Kabla jua halijazama, binti alikuwa amehama. Hata mimi nilikataa kuambiwa anakokwenda. Mimi, mpenda habari! Hunipigia yeye, nasikia sauti yake, nashukuru.

Jana afisa naye kapiga.

"Bibi, nahitaji anwani mpya ya binti. Ili nimkanye yule bwana asiende."

Nilicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi matupu.

Wajukuu zangu, ukimkanya fisi, usimtajie zizi. Mfuate yeye, ujue analala wapi.

Na wewe uliyehama kwa siri, mtazame vizuri anayesema anakulinda.

Mlango wako je, bawaba ziko upande gani?