Maximilla wa Kadundo, Aliyefungua Chupa kwa Mtoto Mmoja

Maximilla Nasambu alizaliwa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, tarehe 9 Agosti 1973, mtoto wa tatu wa Wakhungu, fundi wa karakana ya reli aliyetoka Busia, na mkewe Lornah. Tangu utotoni alipenda mambo yaliyonyooka. Alikunja nguo za wadogo zake pembe kwa pembe, na katekista akiruka ubeti alimkumbusha. Alisomea uuguzi, na mwaka 1999 akapelekwa kwenye zahanati ya kanisa juu ya Kadundo, ufuo mdogo wa wavuvi karibu na Usenge. Kwa miaka kumi na mitatu hakuchelewa kazini hata siku moja, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwahi kumwaga dawa ya chanjo. Sifa hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Chanjo ya surua huja ikiwa unga ndani ya chupa ya watoto kumi. Ikishachanganywa na maji yake, inayobaki baada ya saa sita hutupwa. Kwa hiyo wauguzi wa zahanati ile walizoea kungoja watoto watimie, na wasipotimia, akina mama walirudishwa nyumbani. Jumanne moja ya Machi 2012 Beldina Ajwang', muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alifika na binti yake Shantel, wa miezi tisa. Watoto walikuwa watatu tu.

"Rudi Jumanne ijayo, Mama Shantel," Maximilla alimwambia. "Siwezi kufungua chupa nzima kwa watoto watatu."

"Sista, omena yangu iko kwa jua na ndege wanakula. Hii nafasi nimeiba. Jumanne ingine sitaipata."

Hakuipata. Mwezi uliofuata surua ilishuka ufuoni, na Shantel akafa.

Maximilla alikwenda mazishini, akasimama mbele ya watu na kusema kosa ni lake. Owiti, baba wa mtoto, alimwelekea. "Wewe ni mzuri wa kuhesabu, Sista," akasema. "Basi tuhesabie huyu." Naye Beldina, tangu siku hiyo, hakukanyaga zahanati kwa miaka mingi.

Pale kaburini ndipo Mungu alipomwita. Kesho yake alfajiri alishuka ufuoni, akaomba afundishwe kuanika omena. Kwa wiki nyingi, kabla ya zamu yake, aligeuza samaki juu ya nyavu na kufukuza korongo. Wavuvi walimchokoza: "Sista, umeacha sindano umekuja kutuibia biashara?" Akawajibu kwamba biashara yenyewe inanuka mno kuibiwa. Huko akajifunza jambo ambalo zahanati haikulijua. Saa za kliniki ndizo zilizokuwa saa za kuanika, na mama akiacha omena ipigwe na mvua, jasho la wiki nzima limepotea. Lakini omena huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi haiifuati taa, mashua hulala, na wanawake hupata nafasi. Akaomba siku za chanjo ziwe hizo. Mkubwa wake alicheka.

"Maximilla, ofisi haifuati mbalamwezi."

"Omena inaifuata," alijibu, "na mama anafuata omena."

Alikataliwa. Akaanza kushuka ufuoni na kasha la barafu begani, akifungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Alipewa barua tatu za onyo, kisha akahamishiwa Sondu. Barua ya mwisho aliijibu kwa mstari mmoja: "Dawa iliyomwagika niandikieni mimi, mtoto hatamwagika tena." Alirudishwa mwaka 2017, baada ya akina mama wa Kadundo kukaa mlangoni pa zahanati siku nzima wakimdai. Beldina hakuwa miongoni mwao.

Mwaka 2019 surua ilirudi mwambao. Beldina alikuwa na mwana wa miezi tisa, Ochieng, na alikuwa amewaambia wenzake kwamba hatapanda kule zahanati kufukuzwa mara ya pili. Wengi walimsikiliza, nao wakakaa na watoto wao. Maximilla alimfuata kwenye nyavu, wingu jeusi likija kutoka ziwani.

"Leo wako wangapi?" Beldina aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mmoja. Ndiye niliyemfuata."

Akafungua chupa mbele yake. Beldina aliitazama, akamtazama mtoto, akatazama wingu. "Na omena?"

"Wewe mpakate Ochieng. Omena niachie."

Alimchanja, kisha akainama kukusanya samaki kwa mikono yake mwenyewe. Beldina akapanda juu ya mashua iliyopinduliwa. "Chupa iko wazi," akawaita wenzake. "Imebaki ya watoto tisa. Mnangoja nani?" Wakaja wakikimbia, mvua ikiwanyeshea. Chupa ya pili ikafunguliwa, na ya tatu, na kwa siku nne watoto mia mbili na kumi na wanne walichanjwa. Surua ilipita Kadundo bila kumzika hata mmoja. Jumapili iliyofuata wavuvi walimbeba Maximilla juujuu hadi kanisani, bado ananuka omena, na nyimbo zikaendelea hadi padre akaacha kutazama saa.

Maximilla alifariki kwa ugonjwa wa figo tarehe 11 Februari 2023. Owiti ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini. Waumini husimulia kwamba barafu ya kasha lake haikuyeyuka siku zile nne. Kanisa halijatamka, nasi hatulitangulii. Tunaandika tunachokiona: zahanati sasa huchanja siku za mbalamwezi, na Beldina, mhudumu wa afya wa kijiji, huwapokea akina mama mlangoni. Harudishwi mtu. Nawe uliyewahi kumnyima mwenzako haki yake, mwige Maximilla: kiri mbele ya watu, kisha umfuate aliko, ukiwa umemchukulia mkononi kile ulichomnyima.