Damu ya Kwa Wakwe

Mtoto wa pili wa dada yangu nilimpeleka kwenye mwanga kwa sababu ya pua.

Dada ameolewa Endasak, na mumewe ana pua kubwa kweli kweli, pua ya kutangulia kufika sokoni. Shule ilipofungwa nikatumwa kutoka kwetu Nambis na samli ya mzazi. Mama alinituma samli. Mimi nilijituma kukagua kama mtoto ameirithi ile pua, nipate la kumchokoza shemeji likizo nzima.

Shida ni kwamba kwa kina shemeji mzazi hatoki. Dada alijifungulia nyumbani, kama alivyofanya kwa mtoto wa kwanza, na tangu hapo alikuwa chumba cha ndani na kichanga chake, dirisha limezibwa, moto unawaka, akingoja siku zake ziishe. Kwa mwanga wa ule moto hata mimi, mweusi kama sufuria ya shule, nilikuwa na rangi ya dhahabu.

"Dada, niazime huyu mtu. Nataka kumwona pua."

"Usimtoe nje. Babu wa mume wangu atatufukuza wote."

"Mlangoni siyo nje."

Mlangoni nikaisahau pua. Jua la asubuhi lilimwangukia mtoto usoni na mtoto alikuwa wa manjano, mpaka kwenye weupe wa macho, kama aliyepakwa bizari. Nikamtekenya unyayo. Kimya.

"Mbona halii?"

"Ni mpole," dada akajibu kutoka gizani. "Tangu jana hata kunyonya hataki. Analala tu."

"Mpole? Kwenye ukoo wetu huyo mpole katokea wapi?"

Hakucheka. Alikuja, akamwangalia mwanawe kwenye mwanga, kisha akaanza kutafuta khanga ya kumfunika. Shemeji akawasha pikipiki. Tulishuka mlima mshikaki, dada katikati na mtoto kifuani, mimi nyuma nimeng'ang'ania, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru ile pua maana ilitukinga upepo.

Hospitalini walichukua damu ya mtoto na ya dada, wakamweka mtoto chini ya taa za bluu akiwa amefunikwa macho, kama anayehesabu kwenye kombolela. Daktari, mama mmoja asiyezunguka maneno, akatuketisha. Dada ni kundi O hasi. Mtoto amechukua chanya ya baba yake. Alipozaliwa wa kwanza, damu kidogo ya mtoto ilimwingia dada, na mwili wake ukajifunza kuipiga vita. Ipo sindano ya kuzuia hilo, lakini huchomwa mapema baada ya kuzaa, na nyumbani hakuna wa kuichoma. Safari hii vita vimemkuta huyu wa pili akiwa bado tumboni.

"Damu yake inavunjika, na hayo manjano ndiyo mabaki yake," alisema. "Yakipanda kichwani, mtoto anaweza kuwa kiziwi, au tukampoteza. Taa peke yake hazitoshi. Tumbadilishie damu leo. Nataka O hasi, na kwenye friji haipo."

"Ipo kwenye kiti hiki," nikasema.

Nilikuwa na uhakika. Wachangishaji damu walishakuja shuleni. Nilitoa, nikanywa soda, wakaniambia kundi langu. Na umri ninao, kwa sababu niliwahi kurudia darasa. Kumbe kufeli nako kuna siku yake.

Ndipo babu yake shemeji akaingia na fimbo, nyuma yake wanawe wawili. Tukasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu." Ananiita hivyo tangu dada aolewe. Aliposimuliwa habari yote, akakunja mkono wa koti. "Mtoto ni wa ukoo wetu. Damu yake ni ya baba. Sisi tupo watatu hapa. Hawezi kuwekewa damu ya kwa wakwe kama vile kwetu tumekufa wote."

Shemeji akatazama viatu vyake. Huko mjukuu hampingi babu mbele za watu. "Daktari," akasema polepole, "tusubiri kidogo."

Dada akaanza kulia bila sauti. Mtoto wake hakuwa na hiyo kidogo ya kusubiri.

"Babu," nikasema, "kama ni ng'ombe, mlitoa kwa ajili ya dada. Mimi bado sijatolewa hata mbuzi. Hii damu haina mwenyewe."

"Kichwa chako kibovu."

"Kichwa, ndiyo. Damu ni nzima. Si tupimwe wote wawili?"

Daktari akakubali. Mpimaji akachukua damu ya babu na yangu, akazichanganya kila moja na maji ya damu ya dada, yale yale yaliyomwingilia mtoto na vita vyake, kwenye vichupa viwili, akavipasha joto, akaongeza dawa yake, halafu akamwita babu aje kuangalia. Changu kilikuwa laini. Cha babu kilikuwa na mabonge.

Mzee amekamua ng'ombe maisha yake yote. Alikiinua kichupa dirishani, akakitikisa, akakitikisa tena.

"Imekatika," akasema. "Kama maziwa."

"Ndivyo itakavyovunjika ndani ya mtoto, mzee," daktari akasema. "Na ya baba yake ni hivyo hivyo."

Babu akarudisha kichupa, akashusha mkono wa koti, akamgeukia shemeji. "Wewe umesimama unangoja nini? Mwambie daktari aanze!"

Nilipimwa uzito nikapita, ugali wa shule oyee. Wakakagua damu yangu kwanza, kisha nikalala kitandani, na babu akavuta kiti pembeni kuilinda kama mtu anayechunga bomba.

"Usiimalize yote, mke wangu."

"Nabakiza ya kukuzika wewe, babu."

Mtoto walimbadilishia kupitia kitovu, wanatoa kidogo, wanaingiza kidogo, mchana kutwa. Dada hakuondoka mlangoni. Kesho yake walipomweka kifuani mwake alilala tu kwanza, kama jana yake. Halafu akageuza kichwa, akatafuta, akashika.

"Jamani, anauma!" dada akapiga kelele huku anacheka na machozi yanamtoka. "Hana hata jino!"

"Hiyo nguvu ni ya ukoo wetu," babu akasema.

Alipoachishwa ili abadilishwe nepi, mtoto akafungua mdomo, na wodi nzima ikageuka.

"Nguvu chukua, babu," nikasema. "Kelele ni zangu."